Ukumbi Mmoja, Sabato na Jumapili

Ijumaa jioni mjini Kisii, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, Januari mpaka Desemba. Mji uko kusini kidogo tu mwa ikweta, hivyo hakuna msimu unaouchelewesha usiku. Kwa mwanafunzi Msabato, dakika hiyo ndiyo mpaka. Nguo zimekwisha kuanuliwa, viatu vimepigwa rangi tangu alasiri, daftari la hesabu limefungwa na halitafunguliwa hadi jua la kesho lizame. Mwenzake wa kitanda cha juu, Mkatoliki, ana Jumamosi nzima ya kufua na kudurusu kabla ya misa. Wa chumba cha pili ni Mwislamu. Yeye Ijumaa yake ilitimia adhuhuri, aliporudi kutoka msikitini.

Wote watatu hula katika bwalo moja na kupanga foleni kwa uji mmoja. Na wanafunzi wakitaka kusali pamoja na wenzao wa imani, wengi wao huelekezwa kwenye jengo lilelile: ukumbi wa mihadhara, au bwalo lenyewe baada ya meza kusukumwa ukutani.

Nchi nyingine zimejenga makanisa ya chuo yasiyo ya dhehebu lolote, yenye vioo vya rangi na kinanda cha mabomba, ili kila mwanafunzi apate pa kupigia magoti. Makerere, kilima cha elimu cha Afrika Mashariki, kilichagua njia nyingine, kwa kuwa na makanisa mawili ndani ya chuo kimoja, Mtakatifu Fransisko la Waanglikana na Mtakatifu Augustino la Wakatoliki. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,870,000, suluhisho halikuwa jengo. Lilikuwa ratiba. Kwa nini ratiba ikafanya kazi ya kanisa ni hadithi ya zaidi ya miaka mia moja, nayo inaanza wakati Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi, walipokuwa hawajalijua hata juma lenyewe.

Kabla ya juma

Mgusii wa karne ya 19 alimjua Engoro, Muumba, na aliziheshimu ebirecha, roho za wahenga waliotangulia. Hakuwa na nyumba ya ibada wala siku iliyotengwa. Ibada ilifuata shida na msimu: mtoto akiugua, mvua ikikatika, ng'ombe wakitoa mimba, mpiga ramli aliulizwa ni mhenga gani aliyesahauliwa, na kafara ikatolewa nyumbani. Kusanyiko lilikuwa la ukoo, na aliyeliongoza alikuwa mzee wa boma. Hapakuwa na swali la "wewe unasali siku gani", maana siku ilichaguliwa na tukio.

Waingereza walifika kwa bunduki. Baada ya misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908, kituo chao cha utawala kikasimama juu ya vilima, na wenyeji wakakiita Bosongo, mahali pa Wazungu. Jina hilo linasikika hadi leo kwa wanaokwenda mjini. Nyuma ya utawala wakaja wamisionari, na hawakuja kutoka upande mmoja.

Mnamo 1911 mapadri wa shirika la Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu, nje kidogo ya mji. Wasabato nao walikuwa tayari wametia nanga kando ya Ziwa Victoria: mwaka 1906 Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo, walianza kituo cha Gendia. Kutoka huko wakapanda milima hadi Nyanchwa, kilima kinachoutazama mji wa Kisii, na kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kuzuka wakawa wameshaweka makao. Kwa hiyo mji uliokuwa bado na maduka machache ya mabati ukajikuta katikati ya misheni mbili ambazo zilikubaliana juu ya Mungu mmoja, Biblia moja na haja ya suruali, lakini zikatofautiana juu ya siku.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito kuliko inavyoonekana leo. Misheni haikuleta tu siku ya ibada. Ilileta juma zima la siku saba, pamoja na kengele yake. Mtoto aliyepelekwa Nyabururu alijifunza kuwa jembe hupumzika Jumapili. Binamu yake aliyepelekwa Nyanchwa alijifunza kuwa Jumapili ni siku ya kulima kama nyingine, na dhambi ni kulima jana yake. Shamba moja la ukoo likaanza kuwa na watu wasiokutana.

Si wote waliotaka kuchagua. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego, upande wa Wajaluo, alitangaza kwamba joka la ziwani liitwalo Mumbo limemtuma kuwaambia watu waachane na Wazungu na dini yao. Ujumbe huo ulivuka mpaka wa lugha ukaota mizizi Gusii, ambako ulichanganyika na kumbukumbu za nabii Sakawa. Septemba 1914 Wajerumani walipoingia kutoka kusini na mapigano yakazuka Kisii, Waingereza waliondoka kwa muda. Watu waliuvamia mji, wakapora ofisi za serikali, na misheni za Nyabururu na Nyanchwa hazikubaguliwa: zote mbili ziliporwa. Mwenye hasira na Bosongo hakuuliza mwenye nyumba anasali Jumamosi au Jumapili. Serikali iliporudi ilitoza ng'ombe wengi kwa adhabu, na mnamo 1921 viongozi wa Mumbo wakapelekwa uhamishoni Lamu. Watu waliokataa kengele za misheni wakaishia kwenye mji wa adhana.

Jumamosi ni ya ngapi?

Hapa Kiswahili kina neno lake la kusema. Lugha hii ililelewa pwani, na juma lake lilipangwa kwa kuifuata Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa Waislamu. Baada ya Ijumaa hesabu huanza upya: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Msabato wa Gusii anayesali kwa Kiswahili huitunza siku ya saba katika siku ambayo lugha yenyewe inaiita ya mosi. Mkatoliki anayeamini kuwa Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma huadhimisha ufufuo katika siku inayoitwa ya pili. Waumini wa Nyanchwa hupenda kusema "Sabato" na kuliacha neno "Jumamosi" kwa mambo ya sokoni.

Na Waislamu hawakuwa mbali. Pamoja na jeshi la Waingereza walikuja askari Wanubi wa KAR (King's African Rifles), ambao baadhi yao walipewa mahali pa kukaa pembeni mwa mji. Mtaa wa Nubia bado uko Kisii. Kwa hiyo tangu mwanzo mji huu mdogo wa milimani ulikuwa na siku tatu za ibada zilizofuatana kama treni: Ijumaa, Sabato, Jumapili.

Baadaye orodha ikarefuka. Mwaka 1948 Walutheri kutoka Uswidi walianza kazi Itierio, na kutoka hapo likakua Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Kenya, ambalo chuo chake cha theolojia kiko Matongo, upande wa Nyamira. Wapentekoste nao wakaja na vinanda na mikesha. Mlutheri wa Uswidi alitoka nchi ambako jua la Desemba mjini Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri na la Juni karibu saa nne usiku. Sabato inayopimwa kwa jua ingemtesa huko. Kisii, Sabato huanza karibu saa ileile kila wiki, na hilo limewarahisishia sana wapangaji wa ratiba: wanajua ukumbi utahitajika lini bila kuangalia kalenda ya mwaka.

Sakramenti iliyozua kesi

Wakati Nyanchwa ikijengwa, jaribio la kwanza kubwa la ibada ya pamoja katika Kenya lilifanyika mbali na Gusii, na likawaka moto. Juni 1913, wamisionari Waprotestanti wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu kutafuta namna ya kufanya kazi kwa umoja. Mkutano ulifungwa kwa ibada ya ushirika mtakatifu ndani ya kanisa la misheni ya Waskoti, iliyoongozwa na William Peel, askofu wa Kianglikana wa Mombasa, na waliopokea hawakuwa Waanglikana peke yao.

Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliposikia alikasirika. Yeye aliketi Mkunazini, katika kanisa kuu lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na kwake ushirika haukuwa jambo la kugawiwa wageni kwa ukarimu. Aliwashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa uzushi mbele ya askofu mkuu wa Canterbury. Mabishano yalitapakaa magazeti ya Uingereza, na jibu la Randall Davidson, askofu mkuu, lililotoka 1915, lilijaribu kutomwudhi yeyote. Mwaka 1918 Waprotestanti wakaunda muungano wao, na Machi 1926 matunda yake yakafunguliwa Kikuyu: shule ya Alliance, ambamo vijana wa misheni tofauti walisoma chini ya paa moja.

Lakini muungano huo ulikuwa wa watu wa Jumapili, tena Waprotestanti tu. Wakatoliki hawakuwamo, na Wasabato walikwenda njia yao. Mbinu ya Kikuyu, ya kutafuta ibada moja ambayo wote wangeweza kuikubali, isingeweza kusafirishwa hadi Gusii, ambako wawili hawa waliokosekana ndio waliokuwa wakubwa.

Shule isiyo ya padri wala mchungaji

Mwaka 1934 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Sheria mpya ya koloni iliunda bodi za elimu za wilaya, zile ambazo herufi zake DEB bado zimeandikwa kwenye mabango ya shule nyingi. Na mjini Kisii ikaanzishwa shule ya serikali ya Waafrika, ambayo leo inaitwa Kisii School. Wilaya wakati huo iliitwa South Kavirondo, na makao yake yalikuwa Kisii. Ndani yake waliishi Abagusii, Wajaluo na Wakuria. Shule ya makao makuu ilikuwa ya wote hao.

Hapo awali kusoma na kubatizwa vilikuwa karibu kitu kimoja. Kitabu cha kwanza kilikuwa katekisimu au kitabu cha Sabato, na mwalimu wa kwanza alikuwa katekista. Mzazi aliyetaka mwanawe ajue kuandika barua alilazimika kumkabidhi kwa dhehebu. Shule ya serikali ilivunja kifungo hicho. Mtoto aliingia akiwa Mkatoliki akatoka akiwa Mkatoliki, huku akiwa amelala kitanda jirani na Msabato kwa miaka minne.

Haikuwa shule isiyo na Mungu. Shule za koloni zilifungua siku kwa sala gwarideni, na desturi hiyo haijaondoka. Gwaride ndilo likawa ibada ya kwanza ya pamoja ya Gusii: fupi, ya kusimama, kwenye nyasi zenye umande, bila mkate wala divai wala ubatizo, sala ambayo hata mtoto wa Nubia angeweza kuinamisha kichwa bila kuikana imani yake. Ufupi wake ndio uliookoa amani. Mambo yenye uzito, yale ambayo yaliwafanya maaskofu wa Zanzibar na Mombasa washtakiane, yaliachiwa wikendi, ambako kila kundi lilikuwa na siku yake.

Hapo ndipo hesabu ya siku ilipogeuka kutoka kuwa tatizo ikawa msaada. Kama madhehebu makubwa mawili ya Gusii yote yangesali Jumapili saa nne asubuhi, mwalimu mkuu angehitaji kumbi mbili au angepaswa kusema nani ana haki zaidi. Kwa kuwa mmoja alisali jana yake, ukumbi mmoja ulitosha.

Ekari 61

Uhuru ulipofika, walimu wa eneo hili bado waliandaliwa kwa kufuata kanisa. Kwa kawaida Mkatoliki alikwenda Asumbi, upande wa Homa Bay. Msabato akaenda Kamagambo. Kila mmoja alirudi kijijini na cheti cha ualimu pamoja na desturi za misheni iliyomlea, hadi namna ya kuimba: Msabato kwa sauti nne bila ngoma, Mkatoliki kwa ngoma na kayamba.

Mwaka 1965 chuo cha ualimu wa shule za msingi kilifunguliwa Kisii, kwenye ardhi ya ekari 61 iliyotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii. Maana ya neno "baraza" hapo ni kubwa. Ardhi haikutoka kwa askofu wala kwa mchungaji, na kwa hiyo hakuna dhehebu lililoweza kusema kwamba ukumbi ni wake na wengine ni wageni. Mwaka 1983 chuo kilipandishwa daraja kikaanza kufundisha walimu wa sekondari kwa stashahada. Mwaka 1994 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na tarehe 6 Februari 2013 kikapewa hati ya kujitegemea: Chuo Kikuu cha Kisii.

Katika vyuo vikuu vya umma vya Kenya, ibada za wanafunzi huendeshwa na wanafunzi wenyewe. Kuna muungano wa Wakristo ambao kila mtu huuita CU, kuna Wasabato, kuna Wakatoliki, kuna Waislamu, na kila kundi huwa na katiba, mweka hazina na msimamizi wa vyombo vya muziki. Barua ya kuomba ukumbi ni sehemu ya ibada kama vile wimbo wa kuingilia. Meza ya mhadhiri ikitandikwa kitambaa cheupe huwa altare. Kitambaa kikiondolewa, huwa tena meza ya mhadhiri.

Chakula nacho kina theolojia yake. Mafundisho ya jadi ya Kisabato yanaonya dhidi ya nguruwe, pombe, na hata chai na kahawa. Ugumu wa hilo unaeleweka mtu akikumbuka mahali penyewe. Katika miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa, na Nyamira ya leo imefunikwa na majani ya chai kutoka Kebirigo hadi Nyansiongo, pamoja na viwanda vyake. Karo ya Msabato mara nyingi hutoka kwenye kichaka ambacho mchungaji wa zamani angemshauri asikinywe.

DOK, SDA, DEB

Mwaka 1968 sheria ya elimu ilibadilisha umiliki. Shule za misheni ziliingia mikononi mwa serikali, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili: yana sauti katika bodi na yanatunza malezi ya kiroho, lakini mshahara wa mwalimu hautoki kwao. Ukipita barabara za Kisii na Nyamira utasoma historia hiyo kwenye mabango. Jina la kijiji hufuatwa na herufi: DOK kwa dayosisi Katoliki ya Kisii, iliyoundwa 1960 chini ya askofu Maurice Otunga, ambaye baadaye alikuwa kardinali, SDA kwa Wasabato, PAG kwa Wapentekoste, ELCK kwa Walutheri, na DEB kwa zile zisizo na mwenyewe isipokuwa umma.

Watoto hawafuati herufi. Wanafuata umbali. Msabato anayeishi karibu na shule ya DOK husoma hapo, na Mkatoliki aliyeitwa na shule ya bweni yenye bango la SDA hubeba sanduku lake akaenda. Matokeo yake ni kwamba karibu kila shule ya eneo hili ni ya mchanganyiko, hata ile iliyobeba jina la mtakatifu. Sheria ya elimu ya msingi ya 2013 iliandika waziwazi yale yaliyokuwa yakifanywa kwa mazoea: mfadhili anatunza maisha ya kiroho ya shule huku akilinda imani ya wengine waliomo.

Kuna kipindi kimoja kwa juma ambamo mpangilio huu huonekana kwa macho. Kinaitwa PPI, kipindi cha mafundisho ya kichungaji. Kengele ikilia, darasa moja hugawanyika: Wakatoliki huku, Wasabato kule, wengine chini ya mti na mwalimu aliyejitolea. Dakika arobaini baadaye wanarudi kwenye madawati yaleyale kuendelea na kemia. Katika miaka ya 1970 Wakatoliki na Waprotestanti wa Kenya walikubaliana hata juu ya mtaala mmoja wa somo la dini ya Kikristo, hivyo mtahiniwa wa Nyamira hujibu maswali yaleyale ya Amosi na Yeremia, awe alibatizwa kwa maji ya kichwani au kwa kuzamishwa mtoni.

Siku ya maombi

Sherehe iliyo ya Gusii kuliko zote shuleni si ya dhehebu lolote. Ni siku ya maombi. Kabla ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wazazi hufika wamevaa nguo za kanisani, wengine wakiwa na vyungu vya chakula. Watahiniwa huketi mbele. Padri huomba, mchungaji huomba, mzee wa kanisa huomba, na mwishoni kalamu huinuliwa juu mamia kwa mamia ili zibarikiwe. Mzazi Msabato husema "Amina" kwa sala ya padri bila kusita, kwa sababu kinachoombwa ni alama za hisabati.

Mwaka 2016 waziri wa elimu, Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, alipiga marufuku siku za maombi na za kuwatembelea wanafunzi katika muhula wa tatu. Sababu ilikuwa wizi wa mitihani, uliokuwa umeota mizizi nchini, na shaka kwamba mikusanyiko ya dakika za mwisho ilifungua mlango kwa wauza karatasi. Mtu aliyeijua desturi hiyo tangu utoto ndiye aliyeikata. Desturi haikufa, ilihamia mapema, kwenye muhula wa pili.

Kifo nacho kina taratibu zake. Mwanafunzi akifariki, ibada ya kumkumbuka hufanyika ukumbini ambako kila kundi hupewa wimbo, kisha mwili hupelekwa nyumbani, kwa kuwa Mgusii huzikwa kwao. Siku ya mazishi hutegemea tena juma: Wasabato hawaziki siku ya Sabato, na basi la chuo hupangwa kwa kuzingatia hilo.

Jumamosi mahakamani

Mpangilio wa kumbi uliwafaa watu kwa muda mrefu, lakini ulikuwa na pengo. Ulilinda mahali pa kusalia, haukulinda saa. Shule ikiamua kufundisha Jumamosi asubuhi, au chuo kikiweka mtihani siku hiyo, Msabato hana ukumbi wala utetezi. Shule nyingi za bweni nchini zilifanya hivyo, na wanafunzi waliokataa kuingia darasani waliadhibiwa au kufukuzwa.

Kanisa la Waadventista wa Sabato lilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilikataa hoja zake, na kanisa likakata rufaa. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi upande wa Wasabato: kumlazimisha mwanafunzi kuhudhuria masomo ya Jumamosi kinyume na imani yake kunagusa uhuru wa dhamiri unaolindwa na kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010. Kesi haikuwa ya Gusii, ilikuwa ya nchi nzima, lakini mahali pachache palikuwa na wanafunzi wengi zaidi waliohusika.

Hata hivyo sensa ya 2019, ilipochapisha jedwali la dini, haikuwapa Wasabato mstari wao. Wakatoliki wana wao, makanisa ya kiinjili yana wao, Waothodoksi wachache wa nchi wana wao. Watu ambao wameamua ratiba ya vyuo, ya mazishi na ya mitihani katika kaunti mbili kwa zaidi ya karne moja hawaonekani popote kwenye jedwali hilo.

Jumamosi jioni, jua linapozama tena, wimbo wa kufunga Sabato huwa haujaisha kabla vijana wa CU hawajafika mlangoni na nyaya za kinanda zilizoviringishwa mabegani. Benchi hubaki zilivyo. Jumapili asubuhi kitambaa cheupe hutandikwa, ngoma huwekwa karibu na swichi, na misa huanza. Jumatatu saa mbili mhadhiri wa uhasibu huingia akiwa na faili zake na kukuta ubaoni namba tatu za nyimbo zilizosahauliwa, ambazo huenda zilitoka Nyimbo za Kristo cha Wasabato au Tumshangilie Bwana cha Wakatoliki. Huzifuta, akaandika tarehe.